Sura ya Nane: Mafundo Tisa

Aspaya alimtambua kwa mgongo. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita, mabega yamepungua na kisogo kimeingia mvi, lakini mgongo ulikuwa ule ule, umelalia kidogo upande wa kushoto, upande wa bega linalobeba jembe. Mwenye mgongo huo alikuwa amesimama ndani ya mfereji, maji magotini, akimkaripia mtu kwa sababu ya tope. Aspaya akasimama palepale na hatamu ya farasi wa mizigo mkononi. Uso ulimwiva, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mmoja.

"Unatazama nini?" aliuliza mama mkwe wake kutoka nyuma.

"Maji, Mama."

"Maji hujawahi kuyaona?"

Mama Tigraya hakuwa mtu wa kujibizana naye. Alikuwa amevuka miaka sabini, na alfajiri ile ile alikuwa amejirusha juu ya farasi bila kushikwa mkono, mbele ya vijana wote wa kambi, kusudi wamwone. Ulimi wake ndio usiseme. Ulimi wa Mama Tigraya ulikata bila kunolewa.

Kila masika Wasaka, kabila la Aspaya la wahamaji, waliteremka na magari yao ya ng'ombe mpaka mto Yaksha kubadilishana sufu na ngozi kwa ngano ya watu wa nyumba za udongo. Kazi hiyo ilikuwa ya Thuvara, mume wa Aspaya. Mwenyewe Aspaya alikuwa hatoki garini. Kila mwaka walipofika mtoni kichwa kilimuuma, pazia likateremshwa, na Thuvara akaenda sokoni peke yake bila kuuliza neno. Sasa Thuvara alikuwa amelala chini ya kilima cha kaburi lake huko malisho ya juu, mwaka umetimia, na msuko mmoja ambao Aspaya aliukata siku ya mazishi ulikuwa umeota tena mpaka begani. Mjane hana wa kumtuma. Ilibidi aje.

Na kulikuwa na jingine lililomnyima usingizi mwezi mzima. Leo jua likisimama kichwani magari yangefungwa ng'ombe kuelekea malisho ya kiangazi, na kabla hayajaondoka Omarga, mdogo wa marehemu kwa mke mwenza wa Mama Tigraya, angekuja kutundika podo lake la mishale mbele ya gari la Aspaya. Podo la mwanamume likining'inia mbele ya gari, dunia nzima inajua ndani mna mwenyewe. Hivyo ndivyo mjane anavyorithiwa, wala haulizwi. Omarga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke tayari na watoto watano, mpole, hana makuu, na tangu mwaka utimie alikuwa hawezi kumtazama shemeji yake usoni kwa haya. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Aspaya, kwamba hakuwa na mtu wa kumchukia.

"Varaza!" mtu wa tope aliita. "Una wageni."

Mgongo ukageuka.

Alimtazama Aspaya kuanzia kofia yake ndefu iliyochongoka mpaka viatu vyake vya ngozi, kisha akarudi usoni na hapo akakwama. Jembe lilimponyoka, likaanza kuelea kwenda zake, na mtu wa tope akalikimbilia akicheka.

"Huyu ndiye mwenye ngano?" Mama Tigraya alisema. "Hata jembe linamkimbia."

"Shikamoo, mama," Varaza alisema akipanda ukingoni.

"Marahaba. Ngano yenu mwaka jana ilikuwa na mawe."

"Mawe hatuwadai, mama. Tuliongezea tu."

Mama Tigraya alimkazia macho. Mtu asiyemjua angedhani amekasirika. Alimtazama Varaza, akamtazama mke wa mwanawe, akamtazama tena Varaza, kisha akateremsha mzigo mmoja wa sufu yeye mwenyewe, akaubwaga chini.

"Naenda kukagua hayo magunia kwa mkono wangu," alisema. "Moja moja. Mpaka chini. Mtu wa udongo haaminiki hata ukiwa unamtazama. Wewe Aspaya, kaa hapa ulinde farasi."

Farasi hakuhitaji mlinzi, Aspaya alikwisha kumfunga kwenye mti. Lakini bibi alikuwa ameshaondoka kuelekea ghalani, akimsukuma mtu wa tope mbele yake na kumuuliza kama mama yake anajua kwamba anavaa nguo za namna ile.

Wakabaki wawili na mfereji.

Varaza alinawa mikono. Alinawa tena. Hata tope lilipokwisha aliendelea kunawa.

"Nilisikia habari za mumeo," alisema mwishowe. "Pole sana."

"Asante."

"Alikuwa mtu wa haki. Tulikuwa tukipimana ngano kila mwaka. Hakuwahi kubishana kwa ubaya."

Aspaya alishtuka. "Wewe ndiye uliyekuwa ukipimana naye?"

"Miaka yote. Hakukwambia?"

"Hapana."

"Nami sikumuuliza habari zako. Ningeanzia wapi?"

Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imempata Aspaya puani, na pamoja nayo mikate ya tanurini kutoka ng'ambo ya ukuta, na ghafla akawa na miaka kumi na tisa. Misimu mitatu walikuwa wakikutana kwenye ukingo huu huu. Varaza alikuwa akimletea zabibu kavu ndani ya mkono wa kanzu yake, zimeshikana na nyuzi, naye alizila na nyuzi zake. Aspaya alikuwa akimfundisha kupanda farasi. Varaza alianguka mara nne mbele ya binamu za Aspaya, na mara ya nne alibaki amelala majanini akisema, "Niache hapahapa, nitakuwa shamba." Jamani, kicheko kile. Hakuna aliyemchekesha Aspaya vile tena, hata Thuvara aliyempenda, na alimpenda kweli.

"Bado umefanana na wewe mwenyewe," Varaza alisema.

"Na wewe umezeeka."

"Hilo najua. Naambiwa kila siku na magoti."

Alitaka kucheka, akajizuia. Kucheka kungekuwa kusamehe, na jambo lile hakuwa amelisamehe. "Sikuja kukutafuta, Varaza. Nimekuja kwa ngano."

"Najua hukuja kunitafuta." Sauti yake ilibadilika, ikawa kavu. "Hukuja hata ulipoahidi."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi?" Aspaya alisogea hatua moja, damu imempanda. "Mimi niliyetoroka kambi ya baba yangu? Nilikaa kwenye matete ya kivukoni siku mbili, natafuna mizizi, mbu wamenimaliza, nikikungoja wewe! Kaka zangu walinikuta pale nimejikunyata, wakanirudisha nimefungwa mikono. Baba hakunisemesha mpaka siku ya ndoa. Halafu unaniambia sikuja?"

Varaza alimtazama kama mtu aliyesikia habari za nchi asiyoijua.

"Mimi nilikuwa kivukoni," alisema polepole. "Siku ya tisa, kabla ya jua. Nilikuwa na punda wawili, mmoja wako. Nilikaa siku ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Ndipo mfereji ukabomoka, baba akatuma watu wanifuate, mashamba yalikuwa yanazama. Hata hivyo nilirudi kesho yake. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na alama ya kwato."

"Siku ya tisa ya nini?"

"Ya kamba yako, Aspaya. Ile ya singa za farasi. Ulinipa mkononi, ukasema, fundo la mwisho likifunguka mimi niko kivukoni. Yalikuwa mafundo tisa. Nilifungua moja kila asubuhi. Sikuruka hata moja."



"Kila asubuhi," Aspaya alirudia.

"Kila asubuhi."

"Varaza. Nani alikwambia fundo ni siku?"

"Sasa ni nini?"

"Kambi." Sauti ilimtoka ndogo. "Fundo ni kambi. Tukihama tunafungua moja. Baba alikuwa anazunguka bonde lote, na kambi ya tisa ndiyo ingekuwa karibu na kivuko, mwendo wa asubuhi moja kwa farasi. Kambi moja tunakaa siku tatu. Siku nne. Majani yakiwa mengi hata sita."

Varaza alipiga hesabu. Aspaya aliyaona macho yake yakihesabu, kisha akaona hesabu ilipofika.

"Zaidi ya mwezi," alisema.

"Zaidi ya mwezi."

"Wakati huo mimi nimeshalia, nimeshanyamaza." Varaza aliketi ukingoni, miguu ndani ya maji. "Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba fundo ni kambi."

"Na kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba fundo ni siku."

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa mwongo. Hakuna aliyemsaliti mwenzake, hakuna fitina ya mtu, hakuna mchawi. Miaka ishirini na miwili kila mmoja alikuwa amelala na hasira yake ubavuni, akiigeuza huku na huku, kumbe hasira yenyewe haikuwa na mwenyewe. Kicheko kilimtoka Aspaya kwanza, kibaya, kifupi, na kilipoisha akakuta mashavu yake yamelowa. Aliketi chini naye, mbali kidogo, ukabaki mwanya wa urefu wa mkono mmoja katikati.

Ng'ambo ya mfereji ulikuwepo ukuta wa boma la Varaza, na katika ukuta huo lango ambalo Aspaya hakulikumbuka, pana mno, limewekewa matawi ya miiba ili kondoo wasipite.

"Lango gani lile?" aliuliza, apate tu la kuuliza. "Unapitisha jeshi?"

Varaza alilitazama. "Gari."

"Huna gari."

"Wewe ulikuwa nalo." Alikuwa akiyatazama maji. "Nilidhani utakuja nalo baadaye, baba yako akishapoa. Nilipima gari la wachuuzi waliopita hapa, nikaongeza shubiri mbili kila upande, nisije nikakukwaruzia. Mjini wanaliita Lango la Mjinga. Hata marehemu mke wangu aliliita hivyo, na alikuwa mwanamke mwema. Kila mwaka nilimwahidi nitaliziba baada ya mavuno."

"Na hukuliziba."

"Baada ya mavuno kuna kazi nyingi."

Aspaya alifunika uso kwa viganja. Mwanamume huyu alikuwa amemjengea njia ya kuingilia, yeye akipita kila mwaka hatua mia mbili kutoka hapo na pazia limeteremshwa, akijifanya kichwa kinamuuma.

"Baki," Varaza alisema.

"Usiseme."

"Nimenyamaza miaka ishirini na miwili na imetufaa nini? Baki, Aspaya. Mke wangu ametangulia, mwaka wa tatu huu. Binti yangu ameolewa kijiji cha juu. Sina cha kukupa ila mikate na mazungumzo. Hutaki kulala ndani ya kuta, lala uani. Lala juu ya farasi ukitaka, mimi nitalala chini kwa maana ndipo ninapoishia siku zote."

Safari hii Aspaya alicheka kweli, na kicheko kilikwenda mbali, kikamgusa mahali palipokuwa pamefungwa siku nyingi. Kisha akamweleza habari za podo. Alimweleza yote bila kupamba: Omarga, jua la mchana, sheria.

"Unamtaka?" Varaza aliuliza.

"Hapana. Hata yeye hanitaki, masikini. Nikimkataa atashukuru moyoni na kuona aibu mbele za watu. Nitarudishwa kwa kaka zangu, niombe Mama aje nami, basi. Hilo naliweza."

"Kama hilo unaliweza, mbona huwezi hili?"

"Kwa sababu yake." Alielekeza kidevu ghalani, ambako sauti ya Mama Tigraya ilikuwa ikimuuliza mtu kama macho yake ni ya kutazamia au ni pambo. "Thuvara alikuwa mwanawe wa pekee. Binti yetu ameolewa mbali, kaskazini. Huyo bibi hana mtu mwingine. Ana mdomo, lakini usiku anaamka kuniuliza kama nipo. Ananiita jina, naitika, analala tena. Nikibaki hapa, nani atamwitikia?"

"Mlete."

"Mama? Humjui. Hata kivuli cha nyumba zenu anakizunguka. Na kiangazi hiki ana safari ya kaburi. Ni mwaka wa kwanza. Anataka kummwagia mwanawe maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Ameyahifadhi maziwa ya kwanza ya masika ndani ya kiriba, anakipakata kama mtoto. Nimwambie nini? Kwamba nimekutana na mtu?"

Varaza aliufuta mkono wake kwenye kanzu, akaunyoosha, ukakaa hewani ukingoja. Aspaya aliutazama. Vidole vilikuwa vimenenepa, kucha zimeingia udongo usiotoka tena. Akaushika. Ulikuwa na joto lile lile. Yapo mambo ambayo mtu hujidanganya kwamba ameyasahau, na mwili unamwacha ajidanganye, ukijua siku itafika.

"Mara ile hatukuagana," alisema. "Safari hii nakuaga vizuri, Varaza. Usiningoje tena."

"Sikuahidi."

"Varaza."

"Sikuahidi, nimesema."

Aspaya aliuachia mkono kwanza yeye, kwa sababu alijua mwenzake hatauachia.

*

Njiani kurudi kambini, Mama Tigraya alipanda farasi mbele na Aspaya nyuma, magunia yakitikisika. Bibi hakusema kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, mpaka Aspaya akashindwa kuvumilia.

"Mama, kuna kitu nataka kukwambia."

"Ngano ni safi. Nimeikagua."

"Si ngano."

Akamwambia. Alimwambia habari za zabibu, za kamba, za matete, za punda wawili. Alimwambia akikitazama kisogo chake, maana usoni asingeweza. Alipomaliza alisema, "Sikukuficha kwa ubaya. Thuvara sikumkosea hata siku moja. Na sitakuacha. Nitamwambia Omarga asitundike podo, na kama watanirudisha kwa kaka zangu nitaomba uje nami. Ukikataa kuja, basi nitanyamaza na Omarga atundike. Lakini peke yako sikuachi. Naapa kwa jua."

Kofia ya bibi haikugeuka. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Una maneno mengi leo," alisema Mama Tigraya, akampiga farasi kisigino.

Kambini mahema ya sufu yalikuwa yamekwisha kukunjwa, watoto wameshapakiwa, mbwa wanabweka kwa furaha ya safari. Omarga alikuwa amesimama mbele ya gari la Aspaya amevaa nguo safi, ameshika podo lake kwa mikono miwili na anatazama nyasi.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji," Aspaya alijibu.

Kabla hajaongeza neno, walisikia mti wa nira ukigonga chini. Mama Tigraya alikuwa amefungua ng'ombe wa gari. Alimfungua wa kulia, akamzunguka, akamfungua wa kushoto, akawapiga makofi ya mapajani, nao wakaondoka taratibu kwenda kula majani.

"Mama," Omarga alisema kwa upole, "tunaondoka sasa hivi."

"Nendeni. Mimi miguu inaniuma."

"Miguu?"

"Huijui? Hii miwili." Bibi aliketi chini, akainyoosha mbele yake wote waione. "Siwezi kusafiri. Gari la mama mgonjwa halikokotwi. Au sheria hiyo nayo mmeihama?"

Watu walianza kusogea. Omarga alijikuna chini ya kofia. "Lakini Mama, asubuhi umeruka juu ya farasi. Sote tumekuona."

"Asubuhi nilikuwa na miguu ya asubuhi."

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Na mgonjwa anauguzwa na mke wa mwanawe," bibi aliendelea, sauti imepanda sasa, ya watu wote. "Kwa hiyo Aspaya anabaki nami. Podo halitundikwi kwenye gari lililofunguliwa ng'ombe. Na mjane aliyebaki nyuma kiangazi kizima bila podo si wa kurithiwa tena, ni wa nafsi yake. Nimekosea?"

Omarga alimtazama. Alikuwa mpole lakini hakuwa mpumbavu. Alimtazama shemeji yake aliyekuwa amesimama na mikono mdomoni, akatazama upande wa mto, ambako juu ya ukuta wa udongo mtu mmoja alikuwa amesimama bila kutikisika. Akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo.

"Hujakosea, Mama," alisema. "Ndiyo sheria." Akalivaa podo begani.

Ndipo Mama Tigraya alipotia mkono ndani ya gari, akatoa kiriba. Alikishika kidogo, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akampa.

"Mmwagie kaka yako. Polepole, usimwage kama anayezima moto. Mwambie mama amezeeka ghafla."

"Nitamwambia."

"Mwambie mwakani nitakuja mwenyewe."

"Nitamwambia, Mama."

Magari yaliondoka. Yalikuwa arobaini na moja, na lililobaki moja. Bibi hakuinuka. Alikaa na miguu yake imenyooshwa, akayatazama mpaka likabaki vumbi, kisha vumbi nalo likatulia, na nyika ikawa tupu mpaka mwisho wa macho. Aspaya alipiga magoti mbele yake.

"Mama, kwa nini? Hiyo safari ya kaburi ndiyo ilikuwa ikikupa nguvu. Mwaka mzima umeingojea."

"Mwanangu amekufa. Aliyekufa hana haraka. Wewe ndiye unayeota mvi."

"Nimekuambia habari zangu sasa hivi tu, njiani. Umepata wapi muda wa kuamua?"

Mama Tigraya aliufikia ule msuko ulioota nusu, akaushika nchani.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "kila tukikaribia mto huu unafumua nywele na kuzisuka upya. Halafu unaingia garini, unateremsha pazia, kichwa kinakuuma. Mwanamke anayeumwa kichwa hasuki nywele, Aspaya."

Aspaya aliinua uso.

"Thuvara alijua?"

"Alilala kando yako. Wadhani alikuwa kipofu?" Bibi alibana midomo. "Kivuko cha juu ni karibu zaidi, na ngano ya huko ni nzuri kuliko hii ya mawe. Baba yake alimwambia, mimi nilimwambia, Omarga alimwambia. Kila mwaka alisema hapana, tunapitia kwa chini. Nilimuuliza mara moja, unamtesa mkeo au unajitesa mwenyewe? Akaniambia, 'Mama, nikipitia kwa juu sitajua kama yuko kwangu kwa kupenda au kwa kukosa njia. Nampitisha mlangoni. Kila mwaka anabaki garini.'" Aliufuta uso wake kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefukuza nzi. "Alikuwa akirudi na ngano yake mbovu amefurahi kama mtu aliyeshinda mbio."

Aspaya aliinamisha kichwa magotini pa bibi yule, akalia. Mwaka mzima alikuwa amemlilia Thuvara kwa desturi, nyakati zilizowekwa, kwa sauti inayotakiwa. Leo alimlilia kwa kumjua. Alilia mpaka kofia ikaanguka, na mikono ya Mama Tigraya ikamkaa kichwani, mizito, mikavu, haibembelezi wala haiondoki.

"Lia umalize," bibi alisema hatimaye. "Kisha unawe uso. Mwanamke haendi kwa mwanamume na macho mekundu, atadhani amelazimishwa."